Jamhuri ya Hesbon Kando ya Nzoia

Kibomet, Kitale
12 Januari 2025

Dada Phelista,

Mulembe. Najua umeshtuka kupata barua ya karatasi, tena ndani ya bahasha, kama zile Mama alikuwa akiandikiwa na shangazi. Usiogope, hakuna aliyekufa. Ni vile simu yangu nitampa Mwalimu Job aiweke, na kuanzia kesho kutwa sitakuwa nayo.

Wacha nianze mwanzo. Unamkumbuka Nasir wa Tuwan, yule tulisoma naye, mwenye duka la gemu? Tangu kazi ya kutengeneza simu ikauke, nimekuwa nikishinda kwake mchana. Wengine pale wanacheza mpira. Mimi nacheza gemu moja inaitwa Jamhuri. Hakuna kupiga mtu risasi. Unapewa ardhi tupu na watu mia moja, unajenga nchi ya kijamaa. Hakuna tajiri, hakuna duka la mtu binafsi, kila kitu ni cha wote. Wewe ndiye unapanga nani achome matofali, nani apike kwa jiko la pamoja, trekta iende shamba gani. Ukikosea plani, watu wako wanakufa njaa. Mji wangu nimeupa jina la Mama, Nasambu. Una watu elfu ishirini na mbili, na hakuna hata mmoja anayetembea zaidi ya dakika tano kufika kliniki. Wewe unajua kwa nini nilianza na kliniki.

Sasa huyu Mwalimu Job alikuwa akifundisha historia sekondari, akaacha. Siku moja alisimama nyuma ya kiti changu mchana wote akitazama. Mwishowe akaniuliza, "Unaweza kufanya hii na watu wa kweli?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ana ekari kumi na mbili kando ya mto Nzoia, karibu na Moi's Bridge. Tunaenda watu kumi na saba. Tutajenga kijiji chetu, tule pamoja, tulime pamoja. Mimi ndiye mpangaji. Simu tunaziacha kwa sababu Mwalimu anasema mtu hawezi kujenga mahali huku kichwa chake kiko kwingine. Ukiniandikia, tuma kwa ofisi ya vifurushi hapa Kitale, Mwalimu atachukua.

Nifurahie, dada. Miaka ishirini na saba na hii ndiyo kazi ya kwanza nimeona inanitosha.

Ndugu yako,
Hesbon Sifuna


Bungoma
21 Januari 2025

Hesbon mdogo wangu,

Mulembe na wewe. Barua yako ililetwa ofisini, na wenzangu wote wa ofisi ya ardhi wakataka kujua ni nani bado anaandika kwa mkono. Nikawaambia ni ndugu yangu amekuwa rais.

Nimefurahi, tena nasema kweli. Sikupenda vile ulikuwa unakaa hapo Kitale, kila nikipiga simu sauti yako ni ya mtu ameamka sasa hivi. Lakini mimi nafanya kazi na mashamba, kwa hivyo niruhusu kuuliza ya shamba. Hizo ekari ni za nani kwa karatasi? Mkijenga nyumba, nyumba ni ya nani? Na mtu akitaka kutoka, anatoka vipi? Hayo matatu tu.

Halafu kuhusu gemu. Sijaicheza na sitacheza. Lakini umeniambia ukikosea wanakufa njaa. Baada ya hapo unafanyaje? Nadhani unaanza upya. Basi kumbuka hilo.

Kula vizuri. Nimekutumia sweta la kijani, huko mtoni kuna baridi.

Dada yako,
Phelista Nakhungu


Kijiji cha Pamoja, Moi's Bridge
23 Februari 2025

Dada Phelista,

Sweta limefika, sasa liko kwa stoo ya wote na anayelinda zamu ya asubuhi ndiye analivaa. Usikasirike! Ungeona vile inafanya kazi, ungelitoa mwenyewe.

Dada, tumejenga. Nyumba ndefu mbili, jiko, na tanuri la matofali chini kabisa kando ya mto, mahali udongo ni mzuri. Wanaume wanapika sawa na wanawake. Mtu akiugua, wawili wanampeleka zahanati na wengine wanamalizia kazi yake, na hakuna anayenung'unika. Kuna msichana anaitwa Chepchumba, ametoka upande wa Kapsokwony, alikuja na mtoto wake Mary Ann wa miaka minne. Mama huyo alikuwa akifulia watu nguo Kibomet huku mtoto amefungiwa ndani peke yake. Hapa mtoto ana mama kumi na saba. Chepchumba anakuchekesha bana. Kila jioni anamwigiza Mwalimu Job akihutubia, mpaka Mwalimu mwenyewe anacheka. Nimemwambia habari zako. Anasema akija Bungoma lazima umpikie.

Shida ilikuwa moja. Wengine wanafanya kazi sana, wengine wanajikokota. Ugomvi ukaanza. Ndipo nikakumbuka kwenye gemu kila mwananchi ana nambari juu ya kichwa chake, kutoka sifuri mpaka mia, inaonyesha moyo wake uko na mji kiasi gani. Nikapendekeza na sisi tuwe na ubao. Kila asubuhi naandika jina la mtu na nambari yake. Ukifika kazini mapema inapanda, ukilalamika inashuka. Mwalimu Job alinikumbatia mbele ya watu wote. Ugomvi uliisha wiki hiyo hiyo.

Maswali yako nimemsomea Mwalimu. Anasema ni maswali ya mtu wa ofisi.

Hesbon


Bungoma
4 Machi 2025

Hesbon,

Kwa hivyo anasomewa barua zangu. Sawa. Mwalimu Job, salamu, na mimi bado nangoja majibu matatu.

Hesbon, bahasha yako ilifika imefunguliwa ikagundishwa tena kwa gundi nyingine. Labda ni watu wa vifurushi. Labda.

Huo ubao sijaupenda, na sitaki kukuzungusha. Nani anakupa wewe nambari? Wewe uko na ngapi? Na mtu akifika sifuri anapelekwa wapi? Kwa kompyuta, mtu akikushinda unamsogeza kwa kidole. Huyo Chepchumba anayeigiza wakubwa, mimi nimempenda bila kumwona, na nataka kujua nambari yake ni ngapi.

Njoo Pasaka. Siku mbili tu. Nitakupikia kuku.

Phelista


Kijiji cha Pamoja
6 Aprili 2025

Dada,

Pasaka haitawezekana. Kutoka nje kunahitaji themanini na tano, na mimi niko na themanini na mbili. Nilikuwa tisini. Ilishuka kwa sababu ya maswali yanayokuja kutoka nje. Sikulaumu.

Mvua imeanza. Mwenzetu mmoja, Wekoye, alisema mbele ya watu kwamba maharagwe yana wadudu, akashuka mpaka arobaini. Sasa hasemi tena. Kwa kweli siku hizi hakuna anayesema, tunakula kimya, kazi inaenda vizuri sana. Matofali yameongezeka mara mbili.

Chepchumba amehamishiwa tanurini. Ana kibanda chake huko chini. Ni kwa muda tu, mpaka nambari ipande. Kuigiza kwake kulikuwa kumeanza kuharibu watu.

Tafadhali usiandike maswali.

Hesbon


Bungoma
23 Aprili 2025

Ndugu yangu,

Nimesikia. Sitauliza mengi.

Hapa tuko salama. Mvua imebomoa choo cha jirani, wamekuja kutumia chetu. Nimepanda mrenda nyuma ya nyumba na umeshika. Watu wa Sang'alo wanasema mto umepanda sana mwaka huu, na nikafikiria ninyi huko, hasa wale wanaokaa chini karibu na maji.

Nakuuliza kitu kimoja tu, ni cha salamu. Chepchumba na mtoto wake wanaendeleaje?

Dada yako,
Phelista


Kijiji cha Pamoja
30 Aprili 2025

Dada Phelista,

Asante kwa salamu. Sisi sote ni wazima. Mto ulipanda kidogo lakini haukufika popote. Chepchumba ni mzima kabisa, yuko tanurini na nambari yake inapanda vizuri. Nilimwona leo asubuhi, akasema nikusalimie sana, na bado anangoja kile chakula chako. Mtoto yuko pamoja naye na amenona.

Usiwe na wasiwasi wowote.

Hesbon


Bungoma
7 Mei 2025
Kwa mkono wa Nasir. Soma peke yako, kisha choma.

Hesbon,

Nilipokuwa nasoma barua yako ya tarehe thelathini, Chepchumba alikuwa ameketi mbele yangu jikoni akinywa uji.

Yuko kwangu tangu tarehe kumi na tisa Aprili. Nilikuwa naanua nguo, nikaona mwanamke amesimama kwenye lango, magoti yote yamechubuka, hana viatu. Akaniuliza, "Wewe wa ofisi ya ardhi, ndiye dada ya Hesbon?" Alikuwa ameuliza mlinzi wa ofisi, akaelekezwa. Siku tatu kabla ya hapo maji yaliingia kwenye hicho kibanda mlichomweka. Alipanda juu ya rundo la matofali akapiga kelele. Anasema watu walikuwa juu wakipanga foleni ya chakula, na walimsikia. Anajua walimsikia kwa sababu waligeuza vichwa. Hakuna aliyeshuka. Kushuka tanurini bila ruhusa ni kupoteza pointi kumi, si ndiyo? Alitoka mwenyewe kwa kushika mizizi.

Nilificha haya nikakuuliza vile niliuliza kwa sababu nilijua barua inasomwa, na kwa sababu nilitaka kuona utasema nini. Samahani kwa hilo. Nimeamua kuamini kwamba Job alikuwa amesimama juu yako ukiandika. Nimemwambia Chepchumba hivyo. Yeye aliendelea kunywa uji.

Mtoto hayuko naye. Mlimchukua mwezi wa tatu mkamweka kwa nyumba ya watoto huko juu, na amekuwa huko wakati wote. Juzi Chepchumba alijaribu kurudi kumchukua, akazuiwa njiani na watu wawili aliokuwa akipika nao. Nimeripoti kituoni. Wamesema watakwenda, na leo ni wiki ya tatu wanakwenda. Wanasema kuna karatasi aliyotia sahihi alipojiunga, kwamba mtoto atalelewa na kijiji.

Nasir ananiambia huwa anakuja huko kuangalia betri zenu za sola. Ndiye amekubali kukuletea hii. Mtoe huyo mtoto, Hesbon. Sijui utafanyaje. Wewe ndiye mpangaji.

Phelista


Kijiji cha Pamoja
13 Mei 2025

Bi. Phelista Nakhungu,

Salamu kutoka kwa wanakijiji wote. Hujawahi kuniona, lakini mimi nahisi nakujua. Barua zako husomwa hapa, na tunafurahia mwandiko wako.

Ninaandika kwa sababu Hesbon ana kazi nyingi. Mawazo yake yametawanyika siku hizi na wenzake wameliona hilo. Leo ana thelathini na moja ubaoni. Ni kijana mwenye kipaji, na sisi hatumtupi mtu.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alitoka bila kuaga. Iwapo amepita kwako, mwambie mtoto wake anakula na analala vizuri, na kila asubuhi huuliza mama anarudi lini. Tumemwambia hilo linamtegemea mama mwenyewe. Hapa hakuna mlango uliofungwa.

Swali lako la zamani lilikuwa, mtu anatoka vipi? Nimelifikiria sana. Sijaona bado kwa nini mtu atake kutoka.

Wako katika ujenzi,
Job


Tuwan, Kitale
20 Mei 2025

Dada Phelista,

Sabiha, mke wa Nasir, ndiye analeta barua hii, na mtoto yuko mkononi mwake. Mpokee mtoto kwanza. Barua inaweza kungoja.

Nilipata ile ya Nasir ndani ya kiboksi cha betri. Niliisoma ndani ya choo, mara mbili, halafu nikakaa huko mpaka wakaanza kuniita. Siku saba nilitembea nayo kichwani. Nambari yangu ilikuwa inashuka na mimi mwenyewe ndiye nilikuwa naiandika kwa ubao kila asubuhi. Mwalimu Job ananitajia, naandika.

Jana saa nne asubuhi, watu wote wakiwa kwa mkutano uwanjani, niliingia nyumba ya watoto, nikamshika Mary Ann mkono, nikatoka naye mbele ya kila mtu. Nilidhani watanirukia. Mwalimu Job akasema kwa utaratibu tu, "Hesbon, rudisha mtoto." Nikaendelea. Hakuna aliyenizuia, dada. Wote walisimama, wakatoa madaftari mifukoni, wakaanza kuandika. Wekoye pia. Hayo madaftari yalikuwa wazo langu, kila mtu aandike anachoona kwa mwenzake. Tulipita kwa mahindi mpaka barabarani nikisikia kurasa zinafunguliwa nyuma yangu. Nilingoja sauti ya mbio, sikuisikia.

Sasa nisikilize. Umeandika kwamba umeamua kuamini Job alisimama juu yangu. Usimwambie Chepchumba hivyo tena. Ile barua ya tarehe thelathini niliiandika peke yangu, juu ya meza yangu, mlango umefungwa. Nilijua kibanda kimebebwa na maji. Nilikuwa kwa ile foleni. Niligeuza kichwa. Nilikuwa na sabini na tisa na nilitaka themanini na tano ili nije kukuona. Hilo ndilo lilikuwa akilini mwangu akipiga kelele, kwamba nikishuka sitakuja Bungoma. Maji yalipopungua tukaona hayuko, na mimi nikadhani amekufa. Nikakuandikia kwamba anakusalimu.

Bado kuna jambo. Job hakuagiza apelekwe tanurini. Siku hiyo Job alikuwa Eldoret. Niliangalia ubao, nikaona Chepchumba ameshuka chini ya thelathini, na nikajua la kufanya kwa sababu nilikuwa nimelifanya mara nyingi kwa Nasir. Kwenye gemu mtu wa namna hiyo unamhamishia ukingoni na mtoto wake unampeleka shule ya bweni. Unabonyeza mara mbili tu na mji unatulia. Nilienda kwake nikamwambia nampeleka Mary Ann apewe maziwa. Alinipa mwenyewe. Alimfunga kitambaa kichwani kwanza, jua lilikuwa kali.

Mji wa Nasambu uko na watu elfu ishirini na mbili, na sijui nimefanya hivyo kwa wangapi.

Siji Bungoma. Siwezi kuketi kwa hilo jiko. Kesho naenda kituoni hapa Kitale niandikishe yote haya, na jina langu liwe la kwanza.

Hesbon


Bungoma
27 Mei 2025

Hesbon,

Nimemsomea Chepchumba barua yako yote, hata pale nilitamani kuruka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza tu, "Amesema alikuwa kwa foleni?" Nikasema ndiyo. Akasimama akaenda kufua.

Maelezo yako yamesaidia. Polisi walikwenda Ijumaa na ofisa wa watoto. Walikuta kijiji kimefagiliwa, chakula kiko tayari, na kila aliyeulizwa akasema yuko sawa, kwa maneno yaleyale. Wekoye na wanawake wawili walipanda gari la polisi, na watoto wao wakapanda. Waliobaki walibaki kwa hiari yao, hivyo ndivyo wameandikisha. Job ameshtakiwa kwa habari ya watoto tu, na yuko nje. Anaripoti kila Jumatatu. Nasir ameitoa hiyo gemu kwa kompyuta zake, lakini anasema vijana wanne wamekuja wakiuliza Mwalimu anachukua watu tena lini. Wewe pia wanaweza kukushtaki. Ikifika hapo, nitakuja kusimama nawe. Usiniulize kama nimekusamehe, sijui.

Sasa kuhusu mtoto.

Alifika na Sabiha saa nane mchana. Mama yake alimshika mpaka Sabiha akageuka kuangalia ukuta. Nikapakua ugali, mrenda na paja la kuku. Mtoto akasimama kando ya meza, mikono nyuma. Nikamwambia, "Keti ule, mama." Hakuketi. Akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi, akauliza polepole, "Leo niko na ngapi?"

Hukuniambia watoto nao walikuwa kwa ubao.

Chepchumba akamwambia hapa hakuna nambari, watu wanakula tu. Mtoto akatikisa kichwa. Hakula mpaka jioni mama yake aliposema, "Mia moja," na hata hapo alikula nusu, akasukuma sahani. Leo ni siku ya saba. Asubuhi anasimama mbele ya ukuta wa jikoni akiangalia mahali hakuna kitu. Nikimpa chai anauliza. Jana alimuuliza mama yake, "Na wewe uko na ngapi? Watakurudisha kwa maji?"

Chepchumba hataki kukuona. Amesema hivyo waziwazi, na mimi siwezi kumbishia. Lakini leo tukichambua mboga alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mtoto hamwamini yeye wala mimi kwa mambo ya nambari. Anamwamini mtu mmoja tu, yule anayeandika kwa ubao.

Kwa hivyo njoo. Hutaingia kama hutaki, mtoto atakuja mlangoni. Yeye Chepchumba atakuwa chumbani. Chuchumaa umwangalie mtoto machoni, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba imekwisha, kisha ungoje hapo hapo nje mpaka umwone anakula.

Phelista